Mtaro wa Juu wa Maman Agronome

Papa na maman mliopanda mlima huu kulia pamoja nasi, mimi Cyprien, mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha yake.

Dada yetu Euphrasie M'Cizungu alizaliwa hapa Nyangezi tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa kwanza wa Papa Cizungu na Maman Agathe, akasoma hapa msingi na sekondari, akapata diploma ya Serikali mwaka 1985, kisha akasomea kilimo Bukavu, akamaliza graduat, shahada ya miaka mitatu, mwaka 1988.

Tangu Januari 1989 alikuwa agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, wa mradi wa kuhifadhi udongo, akichimbisha mitaro ya kukata maji ya mvua mlimani na kupanda nyasi za bingobingo kwenye kingo zake zishike udongo. Vita ya 1996 ilifunga mradi, akaanza upya mwaka 1999, na baada ya hapo akaanza upya mara nyingi, kwa sababu watu waling'oa nyasi wapate nafasi ya maharage. Jirani yetu Papa Venant, aliye hapa, alikuwa akimwuliza mbele ya watu, "Maman Agronome, hii majani yako inaivaka mu nyungu?" Dada alicheka, na kesho yake akarudi kupanda.

Tarehe 21 Julai 1990 alifunga ndoa na mwalimu Jean-de-Dieu Cirhuza, wakazaa Gentil, Francine na Charlène. Mumewe alifariki tarehe 9 Septemba 2014, mvua zikianza. Kwa desturi yetu jembe halishikwi wakati wa kilio, hivyo mtaro wa juu, uliokuwa umejaa matope, haukuzibuliwa, mvua ikaupasua na kushusha udongo mweusi wa mashamba yetu hadi barabarani. Aliambiwa akiwa amekaa kwenye mkeka wa ujane, hakumlaumu mtu, na kilio kilipokwisha akachukua jembe.

Mwezi wa Februari 2025 alianza kuugua figo, akatibiwa Bukavu, akafariki Jumatano tarehe 27 Agosti. Kabla ya hapo alituita kitandani, akasema, "Mvua iko karibu na mutaro ya juu imejaa. Munililie, lakini jembe isilale sababu yangu." Tulibishana, maana shangazi Godelive aliogopa watu watasema hatukumlilia. Jana jioni shangazi mwenyewe aliuliza majembe yako wapi.

Kwa hiyo majembe yaliyochimba kaburi hayatarudi nyumbani leo. Baada ya maziko, wenye nguvu watapanda hadi kwenye mtaro, na Papa Venant ameomba atangulie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Bukavu, majirani waliotuchotea maji siku zote hizi, na wenzake wa kazi waliotoka Mudaka.

Dada, umeanza upya vya kutosha. Safari hii tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.