Mama Mboga Aliyekataa Kuuza

Wasikilizaji wapendwa, chai yenu isubiri kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Nakhumicha, mama mboga wa hapa Eldoret, aliyetutoka wiki jana akiwa na miaka sabini na sita. Alikuwa mama mboga, na alikuwa mkaidi. Familia imeniruhusu niseme yote mawili.

Managu, sagaa, kunde: aliuza mboga hizo za kienyeji kwa miaka thelathini, na kila mwanamke aliyeinama kuchagua fungu alipewa ushauri bure. Tumbo la hedhi? Managu. Damu nyingi? Managu, na uongeze kunde.

Jirani yake sokoni alikuwa Warigia, mwenye duka la nafaka. Warigia alivuja damu nyingi kila mwezi, na mfukoni hakukosa odowa, yale mawe ya udongo ambayo wanawake hutafuna. Kliniki walimwambia ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, arudi apigwe picha. Mama akamzuia. "Tupa hayo mawe, ukule mboga yangu. Hiyo kitu itayeyuka yenyewe."

Warigia akala mboga miezi mitano. Alikula kweli. Mwezi wa sita akaanguka dukani, katikati ya magunia ya maharagwe.

Mama aliacha mboga zake juani, akaandamana naye hospitali. Bintiye, Hellen, anakumbuka: "Alikaa kwa benchi, akaniambia, 'Hellen, nimeua mtoto wa wenyewe na managu.' Sijawahi kumwona akiogopa hivyo."

Warigia aliongezewa damu. Baadaye akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa, yakabaki majibu ya maabara. Wiki mbili Mama hakuuza hata jani.

Kisha wakaitwa hospitali, na Daktari Jerop, aliyemfanyia Warigia upasuaji, akawatokea na karatasi ya majibu. "Mama, si saratani. Na mfuko wa uzazi tumeuacha salama."

Wasikilizaji, Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Halafu, mkaidi ni mkaidi, akauliza, "Na mboga yangu je?"

"Mboga yako ni nzuri," daktari akamjibu. "Inasaidia kurudisha damu, na huenda wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapati uvimbe upesi. Lakini ukishaota, managu haiyeyushi. Na ile hamu ya odowa ilikuwa dalili damu imepungua."

Tangu siku hiyo, ukimwambia Mama unataka mboga kwa sababu ya kuvuja damu, hakuuzii. "Leta kadi ya kliniki kwanza." Wateja walinuna. Wengine walihamia kwa mama mboga mwingine.

Hellen na jamaa wote, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe dada unayenisikiliza, kula vizuri, lakini jiulize ni kwa nini hujaenda kupimwa.

Matangani huko nyumbani kwao Chepsaita, Hellen anapokea wanawake asiowajua. Mmoja alimshika mkono jana, akamwambia, "Mama yako alikataa kuniuzia mboga. Nilikasirika sana. Nikaenda kliniki na hasira zangu, na ndiyo maana niko hai."