Mzee Modestus Mapunda wa Euless na Mtani Wake

Marehemu Modestus Kasian Mapunda alizaliwa tarehe 14 Februari 1947 katika hospitali ya misheni ya Peramiho, Songea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kasian Mapunda, fundi seremala wa wamisionari, na Mama Auleria Komba. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa “hapana”. Watoto wengi huanza hivyo. Marehemu hakuendelea sana kutoka hapo.

Alisoma shule ya msingi Peramiho na sekondari Kigonsera, ambako mapadre walimfundisha Kiingereza cha barua ndefu, kile cha kumwomba radhi mtu kwanza kabla ya kumwambia hana akili. Mwaka 1971 alihitimu uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaajiriwa wizarani. Septemba 1973 alipelekwa Leeds, Uingereza, kusomea takwimu kwa mwaka mmoja.

Mwaka huo mmoja ndio uliomtengeneza. Ulikuwa wakati wa mgawo wa umeme na migomo, na Februari 1974 Waingereza waliitwa kupiga kura. Marehemu aligundua kwamba raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule alikuwa na haki ya kupiga kura kama mwenyeji. Akapiga. Mama mwenye nyumba, mjane aliyekipenda chama cha Conservative kama wengine wanavyoipenda parokia yao, alilia asubuhi ya matokeo, kisha akafuta macho na kuwakaangia mayai wapangaji wote, pamoja na yule wa Labour. Siku chache baadaye marehemu aliona kwenye televisheni waziri mkuu aliyeshindwa akihama nyumba ya serikali, na nyuma yake wapagazi wakitoa kinanda chake. Hakuna aliyepigwa wala kukamatwa. Mtu alikuwa ameshindwa na alikuwa akihamisha vyombo. Marehemu alisimulia habari ya kinanda kile hadi mwisho wa maisha yake, na kila mara sauti ilimbadilika kidogo mahali hapo hapo. Hakupata kupiga kura nyingine katika uchaguzi wa vyama vingi. Nyumbani chama kilikuwa kimoja, na vilipokuja vingi yeye alikuwa Texas, ambako hakuwahi kuomba uraia.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Prudensia Haule katika kanisa la Peramiho. Bi Prudensia anakumbuka kwamba katika uchumba alimwuliza amempendea nini, akapewa sababu nne, ya tatu ikiwa na vipengele. Walijaliwa watoto wawili, Flaviana na Samson. Mwaka 1989 marehemu alikuja Arlington, hapa Texas, kwa shahada ya pili, familia ikamfuata mwaka uliofuata, wakahamia Euless. Kwa miaka kumi na tano alifanya kazi katika kampuni ya mizigo jirani na uwanja wa ndege, kwanza ghalani, baadaye akiwa msimamizi wa hesabu za shehena. Bi Prudensia aliuguza wazee huko Grand Prairie. Jumapili walikuwa kanisani, ambako marehemu alikaa kiti cha mwisho ili, kwa maneno yake, asimkatize Padre.

Mwaka 1996 Samson alileta kompyuta nyumbani kwa ajili ya masomo. Masomo hayakuiona sana. Marehemu aligundua kwamba ndani yake kulikuwa na ukumbi wa majadiliano, ambamo watu walibishana usiku na mchana juu ya vyama vya Uingereza na viongozi wake, bila mwenyekiti na bila kengele. Alijiunga kwa jina la Wharfedale, bonde moja la kule Leeds, akajitwika kazi ya kukitetea chama cha Conservative. Katika miaka yake humo chama hicho kilibadili viongozi mara nne, naye alimtetea kila mmoja jinsi mzazi anavyomtetea mkwe ambaye binti ameshamchagua. Simu ya nyumbani ilikuwa haipatikani kwa sababu laini ilikuwa ikitumika kuiokoa Uingereza. Ndugu waliopiga kutoka Songea waliambiwa baadaye kwamba kulikuwa na kikao.

Labour iliposhinda Mei 1997, marehemu alikwenda kazini amevaa suti nyeusi na tai nyeusi. Wenzake ghalani hawakumwuliza, kwa heshima. Walimletea maua na kadi ya rambirambi iliyosainiwa na zamu nzima, nao mabosi wakamruhusu aondoke mapema. Aliona kueleza kutachukua muda mrefu. Alishukuru, akaenda nyumbani, akampa Bi Prudensia maua.

Humo ukumbini alikuwa na mpinzani mmoja aliyewazidi wote. Alijiita Mchimba Makaa wa Durham, aliitetea Labour, na Kiingereza chake kilikuwa kizito kama cha marehemu. Walirushiana maneno kwa miaka mitano. Marehemu alimfikiria ni mzee wa Kiingereza aliyestaafu, mwenye kikohozi na mbwa. Yule naye alimfikiria marehemu kuwa mwenye shamba kubwa, mchoyo kwa wafanyakazi wake. Waingereza wa kweli waliokuwamo waliwaheshimu sana wazee hao wawili wa kizamani, na polepole wakawaachia uwanja. Wote wawili waliandika saa ambazo Uingereza yote imelala. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Juni 2001 Conservative ilishindwa tena, na kesho yake, Ijumaa tarehe 8, kiongozi wake akatangaza kujiuzulu. Marehemu alijua atakachopata. Aliandaa utetezi, akakaa kuisubiri mvua ya masimango. Mchimba Makaa hakuandika kitu. Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Marehemu alikosa raha, akamwambia mkewe kwamba yule mzee lazima amekufa, maana mtu mzima na akili zake hawezi kuacha nafasi kama ile ipite. Jumatatu ndipo yalipokuja maandishi. Mchimba Makaa aliomba radhi kwa kuchelewa kumsimanga Mheshimiwa Wharfedale. Sababu, alieleza, ni kwamba mafuriko yaliingia nyumbani kwake hadi magotini, na hapo alipo alikuwa akitumia kompyuta ya shule anayofundisha, Houston, Texas.

Marehemu alisoma amesimama. Akaomba namba ya simu. Alipopiga alianza kwa Kiingereza cha kumpa pole mzee wa Durham, na kabla hajamaliza alimsikia yule mtu akigeuka na kusema, “Jedidah, niletee ile taulo ingine.”

Marehemu aliacha Kiingereza. “Wewe ni mtu wa wapi?”

“Kisii. Na wewe?”

“Songea.”



“Kwa hivyo Wharfedale ni Songea,” alisema yule.

“Na Durham ni Kisii.”

“Sijawahi fika Durham. Babangu alikuwa wa chama cha wafanyakazi, alitulea na redio ya BBC. Basi.”

Huyo ni Mwalimu Zablon Onyancha, mwalimu wa hesabu. Kesho yake marehemu na Samson walipakia ndoo, mabuti na mifagio, wakateremka barabara ya 45 mwendo wa saa nne. Mama Jedidah, mke wa Mwalimu, anasimulia kwamba wanaume wale wawili walitoa mazulia yote ya nyumba yakiwa yamelowa, wakibishana njia nzima kutoka sebuleni hadi barabarani kama Uingereza iache paundi yake au isiache, na kwamba majirani waliwahurumia, wakidhani wanagombania zulia. Tangu hapo familia zetu zilikuwa moja. Pasaka ilikuwa Euless, Krismasi ilikuwa Houston, na mabishano yalikuwa kote.

Machi 2003 vita vya Iraq vilikaribia, na Mwalimu Onyancha alimtetea waziri mkuu wa Labour kwa ukali ambao marehemu hakuuelewa. Marehemu naye, safari hii akiwapinga hata watu wa chama chake, aliandika mbele ya ukumbi mzima kwamba wanaoshangilia vita wakiwa wamekaa kwenye kompyuta hawana mtoto anayekwenda. Alikuwa akisema kwa jumla, kama kawaida yake. Hakujua kwamba Jordan, kijana mkubwa wa Mwalimu, alikuwa ameondoka na jeshi la Marekani wiki mbili kabla, na kwamba baba yake hakuwa amemwambia mtu yeyote, kwa kuwa alihofu kwamba akitaja tu, baya litatimia.

Jibu lilikuwa mstari mmoja: “Mwanangu yuko Kuwait.” Mwalimu Onyancha hakuandika tena ukumbini.

Marehemu aliomba radhi kwa maandishi na kwa simu. Simu haikupokelewa. Aliendesha gari hadi Houston peke yake, na Mama Jedidah akamtokea mlangoni, akamwambia kwa upole, “Shemeji, si leo.” Alirudi Euless siku hiyo hiyo, saa nne kwenda na saa nne kurudi, hakuwasha redio. Akaanza kununua gazeti na kusoma majina ya askari waliouawa, kila juma, akitafuta jina moja. Hakulikuta. Hakujua kama kutolikuta ni habari njema au ni gazeti tu limeliruka. Mwaka 2004 Jordan alirudi salama, lakini Euless haikuambiwa, nasi hatukuthubutu kuuliza. Marehemu aliendelea kununua gazeti.

Oktoba 2006 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho, akatibiwa hospitalini Fort Worth. Aliugua kwa utaratibu, akiwataka madaktari watoe hoja za pande zote mbili. Mwishoni mwa Juni 2007 waziri mkuu wa Labour aling’atuka na mwenzake wa chama akaingia bila uchaguzi. Marehemu alisaidiwa kukaa, akaandika kurasa mbili kali, akazituma ukumbini. Alisubiri siku kadhaa. Watu walikuwa wamehamia kumbi nyingine. Akamwambia Bi Prudensia kwamba kuwa sahihi peke yako hakuna ladha yoyote.

Ndipo akatoa wosia wake wa pekee kuhusu mazishi. Alitaka azikwe hapa hapa, watoto wapate pa kuja. Alitaka pia awepo mtani. Kwa faida ya wasiotoka kwetu: Mngoni hazikwi vizuri bila mtani, mtu mwenye ruhusa ya kumsema marehemu vibaya mbele ya jeneza, kumwiga anavyotembea na kutaja ubahili wake, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Ndiye anayewapa watu nafasi ya kucheka ili waweze kulia vizuri. Watani wetu ni Wahehe.

“Baba Flaviana,” alisema Bi Prudensia, “Mhehe nitamtoa wapi Texas?”

“Kwani Wahehe wamekuwaje watani zetu? Babu zetu walipigana nao hadi wakachoka. Mimi nimepigana na Onyancha. Mpigie.”

“Na akikataa?”

“Akikataa nizikeni kimya kimya, kama mtu asiyejulikana.”

Bi Prudensia alimpigia Mama Jedidah. Hapakuja jibu siku hiyo, wala iliyofuata. Jumamosi tarehe 14 Julai gari lilisimama mbele ya nyumba. Aliyekuwa akiendesha alishuka kwanza, akaingia chumbani akiwa ameinama kidogo mlangoni kwa sababu ya urefu. Alikuwa Jordan. Marehemu alimtazama kutoka juu hadi chini, polepole, kama mtu anayehakiki shehena.

“Umerudi na miguu yote miwili,” alisema.

“Yes, Uncle. Zote mbili.”

Hatukuwahi kumwona marehemu akilia kabla ya siku hiyo. Jordan alikaa kitandani, akamshika mkono, hadi baba yake alipoingia na kuomba waachwe wawili.

Halafu sauti moja ikapanda, na nyingine ikaijibu. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumhudumia alitaka kuingia kuwatuliza. Bi Prudensia alimzuia. Alisema mgonjwa hajapata dawa nzuri kama ile tangu Oktoba.

Mlango ulipofunguliwa Mwalimu Onyancha alikuwa akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. “Shemeji,” alimwambia Bi Prudensia, “miaka yote hii. Kura yake moja ya maisha, kule Leeds, huyu mtu alipigia Labour.”

Kutoka kitandani sauti ikasema, “Mara moja tu. Nilikuwa kijana, na ilikuwa baridi.” Kisha ikaongeza, “Na yule mama mwenye nyumba alinikaangia mayai.”

Marehemu alifariki nyumbani kwake Euless asubuhi ya Ijumaa, tarehe 3 Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka sitini, baada ya kupokea sakramenti. Ameacha mjane, Bi Prudensia. Watoto wawili, Flaviana na Samson. Mkwe, Heritier, wa Mesquite. Na mjukuu mmoja, Merveille, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye neno lake la kwanza familia imelisikia na kulinyamazia. Ameacha dada mmoja Peramiho. Ameacha mtani mmoja, Mwalimu Zablon Onyancha wa Houston, aliyekuja leo na familia yake yote.

Sasa, kabla jeneza halijashushwa, tunampisha mtani asimame hapa mbele aseme alilonalo. Wafiwa wasikasirike. Marehemu, kwa mara ya kwanza, hatajibu.

Mungu ampe amani na pumziko. Na huko aliko, asimkoseshe mtu wa kubishana naye.