Ufunguo wa Zizi

Sogeeni karibu, wanangu, na mzime hiyo redio, maana sauti niliyobaki nayo haiwezi kushindana na matangazo ya sabuni. Nimekuwa mchinjaji maisha yangu yote; mmelelewa kwa nyama, mmesomeshwa kwa nyama, hata digrii ya huyu mwalimu wetu inanuka mafuta ya mbuzi. Kwa hiyo nikishafukiwa asije mtu akasema mzee aliugua akili akaanza kuwalilia wanyama. Akili ninazo. Hasira pia ninazo, tena tele.

Wewe kifungua mimba wangu, Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, usiangalie dari. Mwezi uliopita, mbele ya wazazi wote, dada yako aliomba kitu kidogo tu: kwamba katika shule ya serikali, saa moja kwa wiki, watoto wafundishwe kutomtesa mnyama, wajue kuwa punda mwenye kidonda habebeshwi mzigo na mbwa si shabaha ya mawe. Ukasimama, kitambi mbele, ukasema, "Mwalimu, leo uwafundishe kumhurumia mbuzi, kesho nyama yangu atanunua nani?" Watu wakaangua kicheko, mikono ikapanda, somo likazikwa, na mpuuzi mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Mtoto wa mchinjaji anatuletea mambo ya wageni!" Nami nipo pale kwenye benchi, kifua kimenibana, siwezi hata kuinuka nimjibu. Wageni gani? Babu yenu, aliyenishikisha kisu, alikuwa akininasa kofi nikikinoa mnyama akiona! Anyweshwe maji kwanza, asichinjwe mbele ya mwenzake, kisu kiwe kikali asiteseke: hayo mzee yule hakuyaokota kwenye semina.

Halafu juzi, kwa dirisha hili hili, nikakuona uani. Mbuzi watatu kamba moja, unanoa mbele ya macho yao, unamchinja mmoja wenzake wakitetemeka, eti kuokoa muda. Na watoto wa shule wamejipanga ukutani wanacheka, mmoja anamchokonoa wa mwisho jicho kwa kijiti, na wewe kimya! Somo ulilolikataa darasani ukaligeuza kinyume, ukalifundisha uani bila chaki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watoto hao wakishazoea kumtesa mbuzi watahamia kwa nani? Kwa mdogo wao, kwa mke, kwa mzee asiyeweza kuinuka kitandani.

Basi shikeni wosia. Duka, mizani na friza ni vyako, Mwenyekiti, kwa kuwa una watoto, na riziki ya mtoto haikatwi kwa hasira ya babu. Lakini zizi, na ua wote wa nyuma, na ufunguo wake, ni vya dada yako. Mnyama hataingia wala kutoka humo ila kwa idhini yake, na jioni atawakusanya watoto awafundishe pale pale, pasipo ajenda wala kura ya mtu. Ukitaka kuchinja, utapiga hodi kwa mwalimu. Umekunja uso? Kunja. Marehemu mama yako angekunyima na duka.

Nawe mwalimu, usimringie kaka yako. Mfundishe kwa subira. Samaki huyu amekwisha kukauka, lakini tumkunje hivyo hivyo.

Nipeni maji... Bado. Subirini. Tangu mmekaa hapa namsikia mbuzi analia. Nani kamfunga juani? Usiniambie "Baba, pumzika." Nitapumzika sana, hilo lisikutie shaka. Nenda, Mwenyekiti, kamtoe juani umpe maji, kwa mkono wako, usimtume mtu. Nenda.

Wewe, mwalimu wangu, nishike mkono. Mungu awape... awape riziki isiyo na kilio ndani yake. Mpendane. Kaburi langu lisiwe na makelele... Kaka yako amefika?

Sikiliza.

Mbuzi amenyamaza. Anakunywa... Akirudi, mwambie nimesikia. Mwambie radhi yangu... anayo.