Moja ya Kubeba

Gari lilipopita Kamukuywa, mwalimu Phelista aliacha kujifanya amelala. Mbele yake Joan alikuwa na kompyuta mapajani, na swali la kuombea kazi: ajumlishe namba mbili ndefu kama barabara ya Kapsokwony, zote zimeandikwa kinyumenyume, na jibu litumwe kabla ya saa sita. Ritesh, aliyeketi kando ya Joan, hakumjua hata jina walipoondoka Kitale, lakini ushauri alikuwa nao tele.

“Si uzigeuze kwanza, bana?”

“Ya nini? Tarakimu za mamoja ziko mbele tayari. Naanza kushoto: nane na saba, kumi na tano. Naandika tano, nabeba moja kwenda kulia.”

“Kulia! Ati nani alikufunza kubeba kulia?”

Si Phelista. Darasani kwake kule Matulo, moja ilibebwa kwenda kushoto tu, kidole kikiwa juu isisahaulike. Chake kilikuwa juu sasa hivi.

“Jibu litatoka limegeuka!” Ritesh akasema.

“Si ndivyo wanavyolitaka?”

Gari likasimama Kanduyi. Phelista alishuka na kikapu mkononi, kidole bado juu, maana hakuna aliyemwambia ile moja aiweke upande gani.