Fundo la Raketi Tumboni mwa Gitaa

Nani kati yenu wawili alibadilisha vyuma vya pedali za gitaa langu? Msiangaliane. Wendell, acha kuchezea kofia. Darla, kaa chini, hao kina mama wa kanisa na vyungu vyao vya tambi watajifungulia mlango wenyewe, wameshaanza matanga na mimi hata sijafa.

Sikilizeni wanangu, pumzi niliyonayo ni ya kuazima. Nyumba hii, pamoja na uwanja wa tenisi ulioota nyasi huko nyuma, ni ya Wendell, kwa kuwa ndiye asiyeweza kukaa mbali na mji huu wa Abilene hata wiki moja. Gitaa la pedali, hilo la kukanyaga kwa miguu ili nyuzi zibadili sauti, lililosimama mbele ya kitanda kama meza ya kupigia pasi, nilitaka liwe la Darla. Sasa sijui.

Miaka mingi nilifundisha tenisi mchana na kupiga gitaa hilo kwenye kumbi za dansi jioni, na watu wakaniuliza kipi kigumu. Katika tenisi ukikosea mpira wa kwanza unapewa wa pili. Jaribu kumwomba mwimbaji akurudishie ubeti. Katika tenisi yupo mwamuzi wa kukuambia mpira umetoka. Kwenye gitaa, mkono ukiteleza unene wa unywele, waamuzi ni mbwa wa jirani. Mcheza tenisi hukimbia akaonekana anafanya kazi. Mimi miguu, magoti na mikono vinahangaika kila kimoja kivyake, na watu wananiona nimekaa kama bibi anayemenya maharage. Ila kiwiko, wanangu, kinauma huku na huku.

Darla, hukucheka. Zamani, nikifika hapo, ulikuwa unacheka.

Jioni moja, ninyi mkiwa bado nyumbani, mwimbaji mkubwa alikuja ukumbini kunisikiliza, basi lake likiunguruma nje, nami nikimpendeza niondoke na bendi yake usiku uleule. Tulichelewa, nikakaa nikaanza kupiga bila kukanyaga kila pedali mara moja kwanza, jambo ambalo hata mwanafunzi wa juzi halisahau. Kiburi si maungwana. Nikakanyaga ya kwanza, ikajibu ya tatu. Ukatoka mlio wa ng'ombe aliyenasa kwenye seng'enge. Yule bwana akavaa kofia yake, akatoka.

Nani alijua kulala chini ya gitaa lile na bisibisi? Baba yenu. Nani hakutaka niende? Baba yenu. Nikamtupia Harlan sanduku lake kwenye kokoto, naye akaniangalia tu, akasema, "Haya, Verna, kama ndivyo uonavyo." Hakukana. Akaenda zake mji wa Amarillo, akafia huko, na mimi sikwenda kumzika.

Gitaa nikalifungia, nisiliguse tena. Juzi Wendell kalitoa, nikamwambia aligeuze tumbo juu. Kibanio kimoja cha vyuma vya pedali hakipo. Mahali pake pamefungwa uzi wa raketi, kwa fundo langu, lile la kuzungusha mara mbili nililowafundisha ninyi wawili. Harlan, Mungu amrehemu, hakujua kufunga hata tai. Mficha maradhi huumbuliwa na kilio, na kilio chenyewe ni changu, kipo mlangoni.

Nimebakiza agizo moja. Kama ni Harlan, nizikeni kando ya mama yangu. Kama siye... kando yake Amarillo pana nafasi, nimeuliza. Sitafuti wa kumwadhibu. Baraka zangu mnazo nyote, aliyefanya na asiyefanya; mpendane, msigombanie viti vya jikoni. Wendell, maji... Basi. Yatosha. Ila sitaki kulazwa pasipo pangu. Wendell?

"Mama, mimi hata sijui hizo pedali zinafanya nini."

Darla. Usiangalie gitaa. Niangalie mimi.

"Nilikuwa na fainali ya tenisi kesho yake, mama. Ulisema matokeo utayasoma gazetini."

Nilisema... ndiyo. Nilisema. Malizia. Kwa sauti, mwanangu, masikio... yanakwenda.

"Ni mimi, mama. Nilibadilisha mimi. Baba aliuona uzi alipokuwa analipakia gitaa baada ya dansi, akanikataza kusema."