Madam Kezia Wangwe, Meza ya Udahili na Woga wa Pointi Tano

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Madam Kezia Wangwe anastaafu baada ya kutumikia ofisi ya udahili ya chuo chetu, kampasi ya Suna, kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa mwaka wa 1998, kabla hatujaitwa chuo kikuu, wakati tulikuwa na madarasa mawili na kengele iliyotengenezwa kwa ringi ya lori. Ametimiza miaka sitini, afya yake ni nzuri, na sauti yake bado inasikika kutoka ofisini mpaka geti.

Mimi ni Oyaro, dereva wa chuo, yule ambaye nyote mnaniita Anko. Wasifu huu kwanza walipewa walimu wenye digrii tatu tatu, wakaukwepa. Kila mmoja alisema anaogopa kukosea neno na Madam yuko hapo mbele anasikiliza. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini nimemwendesha kwa miaka ishirini na mbili, na kutoka Isebania mpaka Mbita hakuna mtu anayejua hasira yake kunishinda. Kwa hivyo nimekubali. Kuogopa naogopa, lakini mimi nimezoea kufanya kazi nikiwa naogopa.

Wageni hapa kazini hudhani watu wanamwogopa Madam kwa sababu ya miwani yake na ile tabia ya kukuangalia bila kupepesa. Sivyo. Kinachoogopwa ni ile meza yake. Mtoto amesoma miaka kumi na miwili, mama ameuza omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka vidole vikawa na harufu isiyotoka, halafu mambo yote yanaletwa pale mezani yaamuliwe kabla chai haijapoa. C plus, unaingia. C tupu, unarudi nyumbani au unaanzia diploma. Nimeona wanaume wakubwa, wachimba dhahabu wa Masara wanaoshuka chini ya ardhi wakiimba, wakifika kwenye ule mlango wanaanza kutafuta choo.

Mmoja wao alikuja na nyundo yake ya mgodini. Mtoto wake Maroa alikuwa na C tupu. Mzee akaweka nyundo juu ya meza, akasema, "Madam, C ni C. Hiyo plus ni urembo tu." Mimi nilikuwa mlangoni, na nilikuwa tayari kumrukia, ingawa miguu ilichelewa kupata habari. Madam akaisogeza nyundo kando kwa kidole kimoja, akamwambia, "Baba Maroa, ile plus ndiyo ngazi. Mtoto wako tutampitisha kwa ngazi ya diploma. Ukitaka aruke, chukua nyundo yako umvunje mguu sasa hivi, tusingoje aanguke." Maroa alianzia diploma, akamaliza digrii, na leo anafundisha hesabu huko Kehancha. Mzee hutuletea ndizi kila Desemba, na bado hagongi mlango kwa nguvu.

Kwa kazi ya nje, Madam alizunguka shule zote za Migori na Homa Bay akiwaeleza watoto masomo gani yanahitajika kwa kozi gani, ili mtu asije akaota udaktari na aliacha kemia kidato cha pili. Safari hizo zote usukani ulikuwa wangu. Mwaka mmoja tukielekea Mbita kuvuka kwenda Mfangano, kiboko alitoka ziwani akasimama katikati ya barabara. Si kiboko wa kawaida. Alikuwa mkubwa kama maktaba yetu pamoja na ile ghala ya nyuma. Nilimkodolea macho kwa saa nzima mpaka akaona aibu akaondoka. Madam muda huo wote alikuwa kiti cha nyuma anasahihisha karatasi zake, na alichosema ni, "Oyaro, kwa nini tumesimama?" Niliapa siku hiyo kwamba huyu mama hajaumbiwa woga.

Sasa niwaeleze wageni desturi ya tangi, kwa sababu wengine mtaisikia tu mkidhani ni moja ya hadithi zangu. Meza ya udahili huwa na watu wawili, na wakubwa hutia sahihi baadaye. Madam aliweka sheria kwamba faili ya ndugu yako ikifunguliwa, wewe unatoka ofisini na hata barazani, unakwenda kusimama kando ya tangi la maji pale uwanjani, mahali ambapo wa mezani wanakuona kupitia dirishani. Huruhusiwi kurudi, kuita wala kupunga mkono mpaka mtu wa mezani aje kukuchukua. Ukivunja sheria, mtoto wako anangoja mwaka mwingine. Kila mtu amesimama pale. Prinsipali mwenyewe alisimama na suti yake siku ya mpwa wake, na mvua ya siku hiyo, haki ya Mungu, watu wa Mfangano wanasema kisiwa kilisogea.

Kitu kingine cha kueleza ni hesabu za ng'ambo. Sisi tuko mpakani, na watoto wanatujia na vyeti vya kila upande. Hapa kwetu pointi zikipanda ni furaha: A ni kumi na mbili, C plus ni saba, na chini ya saba mlango wa digrii umefungwa. Watanzania, wanapomaliza kidato cha sita, wanahesabu kinyume: A ni moja, B ni mbili, wanajumlisha masomo matatu, na mwenye kidogo ndiye mbele. Kuna bwana mmoja hapa Suna, jina naliacha, mtoto wake alileta pointi kumi na saba kutoka ng'ambo. Bwana akachinja fahali. Alitangaza kwa spika kwamba mtoto amepita A ya Kenya kwa pointi tano. Madam alialikwa kama mgeni wa heshima. Alipokiona kile cheti akakikunja polepole, akasema, "Kuleni kwanza."

Huo ndio ujuzi tunaoogopa kuupoteza, na mwezi wa Agosti mwaka huu nilikaribia kuuona ukipotea mbele ya macho yangu.

Dada yangu Damaris aliolewa Shirati, upande wa Tanzania. Mumewe alipofariki, alirudi Suna akiwa mgonjwa wa figo, na siku mbili kila wiki lazima apelekwe hospitali. Binti yake Caren alibaki ng'ambo akamaliza kidato cha sita: fizikia B, kemia B, biolojia A. Jumla pointi tano, Division One. Alipata nafasi chuo cha mbali huko kwao, akaiachilia, akaleta maombi hapa ili asomee uuguzi na jioni arudi kwa mama yake. Mimi nilishawaambia watu wote wa soko la Suna kwamba mpwa wangu ameingia chuo kikuu. Hata Osman wa duka la vitambaa alishamshonea koti jeupe la zawadi. Ile nafasi ya mbali ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Meza yetu ikimkataa, Caren hana chuo mwaka huu, na Damaris, ambaye aliishi kwa kuingoja siku hiyo tu, sijui angeshika nini.

Asubuhi ya siku ambayo faili yake ingefunguliwa nilikwenda kwenye tangi mwenyewe, bila kuambiwa. Sikuwa na wasiwasi sana. Madam yuko mezani, na pointi tano za ng'ambo anazijua kama anavyojua jina lake. Mezani alikuwa pamoja na Jeff, kijana wetu kutoka Nakuru anayechukua ofisi sasa, ambaye alikuwa hajamaliza miezi mitatu hapa na mpaka alikuwa ameuona kwenye ramani tu.

Halafu nikaona mlango unafunguka, Madam anatoka, anakuja kwangu, anasimama kando ya tangi.

Nikamuuliza, "Madam, wewe unafanya nini hapa?"

"Faili ya Caren imefunguliwa."

"Caren ni damu yangu. Si yako."

"Oyaro, nimekula samaki wa nyumba yako miaka ishirini na mbili. Damaris alinilelea mtoto nilipofanyiwa upasuaji. Ukinipima leo utapata damu gani?"

Yaye! Nilihisi baridi kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi. Mtu mmoja tu kwenye ile ofisi alijua kusoma cheti cha ng'ambo, na huyo mtu alikuwa amesimama nje na mimi. Nikamuuliza kama amemwelekeza Jeff kabla ya kutoka. Akasema kumwelekeza ni sawa na kubaki ndani.

Tukatazama dirishani. Jeff alishika karatasi ya Caren. Alisoma juu, akasoma chini, akaandika kitu. Kisha akanyoosha mkono na kuiweka upande wa kushoto. Wafanyakazi wenzangu, mnajua kushoto kwa ile meza ni wapi. Ni kwa waliokataliwa. Jeff, mtoto wa watu, alikuwa amesoma tano kama tunavyosoma sisi: C minus.

Nimeendesha gari ambalo breki zimekatika kwenye mteremko. Nimemkodolea macho yule kiboko. Lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilimwambia, "Madam, ingia. Neno moja tu. Mwambie ageuze hesabu."

"Siingii."

"Mtoto anapotea hivi tukitazama!"

"Wale wote niliowatoa nje miaka hii yote, nikiingia leo nitawaambia nini? Mpwa wa Prinsipali alikataliwa, na Prinsipali akiwa hapa hapa analowa."

"Basi wewe huogopi hata kidogo?"

Hapo ndipo nikaona mkono wake. Alikuwa ameshika mfereji wa tangi, na mfereji ulikuwa unalia ki-ki-ki kwa jinsi alivyokuwa akiuzungusha huku na huku. Akasema bila kunitazama, "Naogopa sana. Kila mwaka, kila faili, naogopa hivi hivi. Sasa nyamaza, omera, ndugu yangu, tusimsumbue kijana."

Jeff alichukua faili nyingine. Akaimaliza, akachukua nyingine tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia Damaris, na mtu wa maneno kama mimi sikupata hata moja. Mara Jeff akaacha kuandika. Akainua kichwa kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Akarudi kushoto, akaitoa karatasi ya Caren, akaishikilia karibu na uso. Akaondoka mezani, akafungua mlango wa baraza, akamwita ndani Caren, aliyekuwa akingoja hapo.

Walichoongea tuliambiwa baadaye na Caren mwenyewe. Jeff alimwambia, "Dada, kuna kitu kinanisumbua. A moja, B mbili, halafu jumla tano. Mtu wa A na B anapataje tano? Hii tano ni ya kucheka ama ni ya kulia?" Caren akamjibu, "Ni ya kucheka, kaka, lakini sasa hivi siwezi." Kisha akamhesabia kwa vidole: moja ya biolojia, mbili ya kemia, mbili ya fizikia, na mtu bora kabisa wa kwao ana tatu. Sisi kutoka kwenye tangi tuliona vidole tu vikipanda, na Madam alikuwa akihesabu navyo kwa midomo, bila sauti.

Jeff alipokuja kutuita uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alisema, "Madam, Anko, karibuni ndani," basi. Karatasi tuliikuta kulia. Nairobi wana kazi yao ya kulinganisha vyeti vya ng'ambo na vya kwetu, na Oktoba jibu la Caren lilirudi jema, lakini mtoto hafiki Nairobi kama sisi tumemfungia mlango hapa. Madam alikaa, akavaa miwani, akamwambia Jeff, "Umenitisha, mwanangu." Jeff akajibu, "Mimi mwenyewe bado nimetishika, Madam. Nimekumbuka wale niliowapima mwenyewe asubuhi. Naweza kuzipitia tena zile za kushoto?" Walizipitia zote pamoja. Madam aliniambia tukirudi nyumbani kwamba alikuwa amepanga kumwombea kijana mwaka mmoja zaidi wa kujifunza, na sasa hataomba.

Mafanikio ya Madam ni mengi, na Prinsipali ana hotuba yake atayataja. Mimi nitataja hili moja. Amekaa miaka ishirini na saba kwenye kiti cha kuamua mwaka wa mtoto wa mtu, na hajawahi kuzoea. Januari matokeo ya watoto wetu yatatoka, na Julai ya ng'ambo yatafuata. Wa visiwani watakuja, wa Suna, wa Tarime, hata wa kutoka kaskazini ambao baba zao wana maduka hapa mjini. Tutaogopa, na tusipoogopa tuombe kuhamishiwa kazi ya bustani.

Asante, Madam Kezia, kwa niaba ya wafanyakazi wote, kwa niaba ya waliopitia kulia na wale uliowaonyesha ngazi nyingine. Damaris anakusalimu, na atakuwepo leo, kiti cha mbele, na binti yake wa mwaka wa kwanza wa uuguzi kando yake. Tunakuombea mapumziko yenye mahindi mengi, majirani wapole na usingizi ambao hakuna faili inayoukata.

Baada ya sherehe, gari la chuo litampeleka nyumbani Isebania. Usukani ni wangu. Kawaida natumia nusu saa, na hakuna dereva Migori nzima anayeweza kunifikia. Leo nitaendesha polepole, na mtu yeyote asinipigie simu kuniuliza niko wapi.