Mwalimu Aliyejua Kusubiri Jibu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, na ninyi wakuu wa chuo mliokaa hapa mbele, familia imenipa mimi, mdogo wake tuliyeachiana ziwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na wamenisihi nisiongeze maneno yangu kwa sababu wanaujua mdomo wangu, nami nimewaahidi nitajitahidi, ingawa ahadi yenyewe naiona ngumu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi wa injini na mama mshonaji, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alichelewa kusema hadi watu wakaanza kumpa ushauri wa dawa, na hata alipoanza, ukimwuliza kama ameshiba alifikiri kwanza ndipo akajibu. Sisi wengine tulikuwa tunamalizia chakula chake wakati bado anafikiri.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaingia sekondari mwaka 1971, na mwaka 1977 akajiunga na chuo kikuu kusomea fizikia, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1980 na ya pili mwaka 1982, akiwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na barua zake za wakati huo zilijaa habari za mhadhiri mmoja aliyeandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku akifuta kwa mkono wa kushoto, ambaye kwa miaka mitatu hawakuwahi kuuona uso wake vizuri. Kaka alifaulu masomo ya mhadhiri huyo kwa alama za juu, kisha akakiri nyumbani kwamba alikuwa amekariri tu.

Tarehe 1 Septemba 1982 aliajiriwa na chuo hichohicho kuwa mhadhiri msaidizi, na kwa miaka minne ya mwanzo alifundisha vilevile alivyofundishwa, akisoma, wao wakiandika, kengele ikilia kila mtu akishika njia yake, mpaka mwaka 1986 alipowakuta kwenye korido wanafunzi waliotoka kufaulu mtihani wake, akawauliza kwa utani kwamba mtu akisimama juu ya mizani ndani ya lifti, lifti ikaanza kushuka, mizani itaonyesha amepungua au ameongezeka, na wale vijana waliojaza kurasa kwa kanuni wakatazamana, mmoja akamwambia kwa heshima zote kwamba hilo hawakufundishwa. Jioni ile alikuja kwangu, akakaa jikoni na koti lake, akaniambia, "Dada, miaka minne nimekuwa nikiongea peke yangu."

Kuanzia hapo alibadilika, na kwa kuwa wengi wenu mlipita mikononi mwake nitasema kwa kifupi, kwamba alianza kila mhadhara kwa swali, akamtaka kila mmoja aandike jibu lake bila kuchungulia kwa mwenzake, kisha akanyamaza, akanyamaza kweli, huku akifuta miwani, mpaka walio nyuma wakaanza kujikunakuna, na mtu akitaka kuropoka jibu alimwinulia kiganja na kusema, "Tungoje, kuna mwenzetu bado anafikiri," kisha akawaambia wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake, ukumbi ukavuma, na ndipo walipoinua kadi za rangi kuonyesha majibu yao, kadi ambazo wifi yangu alizikata kutoka kwenye maboksi ya viatu. Hakutoa jibu kabla hajasikia sababu za waliokosea, kwa kuwa alisema aliyekosea ndiye anayemwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia, na kabla ya kutoka kila mmoja aliacha kikaratasi chenye jambo moja ambalo halijamwingia, navyo alivisoma vyote usiku uleule, akaanzia hapo kesho yake.

Wenzake walimcheka, wakasema analipwa mshahara wa kukaa kimya, wakampa jina la Mwalimu Ngoja, na yeye alilipenda jina hilo kuliko la Daktari alilolipata mwaka 1991.

Alifunga ndoa tarehe 6 Julai 1985 na wifi yangu huyu mnayemwona, ambaye alikuwa mkutubi wa chuo, na walikutana kwa sababu kaka alikuwa akichelewa kurudisha vitabu, nasi mpaka leo hatujui kama alichelewa kwa kusahau au kwa makusudi. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme, na wote watawaambia jinsi ilivyokuwa shida kumwuliza baba yao jambo dogo, maana mtoto akiuliza mvua inatoka wapi alijibiwa, "Wewe unaonaje?", mpaka wakajifunza kuja kwa shangazi yao, ambaye aliwajibu hapohapo, mara nyingi kimakosa.

Mwaka 2009, baada ya kuomba kwa muda mrefu, chuo kilimpa chumba kando ya maabara ili awasaidie wahadhiri wapya kujifunza kufundisha, na kazi yake ikawa kukaa kiti cha nyuma katika darasa la kijana, kutazama bila kusema lolote, kisha kumwita faraghani na kumwuliza kwanza yeye mwenyewe ameona nini, kwa sababu hakuamini katika kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Alitaka jambo moja tu, nalo ninaomba mlishike, kwamba siku atakapoondoka wabaki watu wanaojua kuuliza na kungoja, lakini alipostaafu mwaka 2017 hakuteuliwa mtu wa kukaa katika chumba kile, kikafungwa, na nilipopita mwaka uliofuata nilikuta kimejaa viti vilivyovunjika miguu. Yeye waliendelea kumpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa ajili ya fizikia ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kulichukua darasa la watu mia nne.

Sauti yake ilianza kukwaruza Oktoba 2021, tukadhani ni mafua, na tarehe 18 Januari 2022 akagundulika kuwa na saratani ya koo, na daktari, ambaye yuko hapa, alimweleza bila kuficha kwamba inafaa kuondoa koromeo mara moja, kwamba akiwahi atapona, na kwamba hatasema tena. Chuo kilipopata habari kikamwendea na wazo la kurekodi mihadhara yake yote ya muhula ule akiwa na wanafunzi wake ukumbini, ili wahadhiri wa kesho waone inavyofanywa, na kaka, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akikitazama kile chumba cha viti vibovu, aliliona hilo kama mlango uliofunguliwa, akamwomba daktari amwache amalize muhula. Wifi alilia, binti yake muuguzi alimpigia magoti, mimi nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake mkubwa, naye alitusikiliza sote mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akaenda kazini.

Alifundisha mpaka Mei, kila wiki sauti ikizidi kupungua, akiuliza, akingoja, wakivuma, wakiinua kadi, na tarehe 7 Juni 2022 akafanyiwa upasuaji, na madaktari wakakuta ugonjwa umekwisha kutambaa hadi kwenye tezi za shingo.

Septemba ile mwanawe wa kiume alimletea video kwenye kompyuta, tukamwekea mito, tukakaa naye kitandani kutazama mhadhara wa kwanza, na tukamwona kaka amesimama, anauliza habari ya mizani ndani ya lifti, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, anajibu, kisha anauliza lingine, anajibu, anauliza, anajibu, dakika ishirini mfululizo, wala hakusikika mwanafunzi hata mmoja. Fundi wa video alikuwa ameagizwa kwamba kila mhadhara usizidi dakika ishirini, na kwa ufundi wake kimya ni hitilafu na mvumo wa watu ni kelele, akakata vyote, na alipopigiwa simu alieleza kwa furaha kabisa kwamba amesafisha. Tuliomba zile za awali, kabla hazijakatwa, tukaambiwa zilifutwa mwezi Julai ili ipatikane nafasi ya kuhifadhi sherehe ya mahafali.

Kaka hakuwa na sauti ya kulalamika, alikuwa na ubao mdogo wa kuandikia, akauweka kando, akaifunga kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, akageukia ukutani, na kuanzia siku ile wanafunzi waliokuja kumwona aliwapa mkono tu, hakuwauliza swali tena. Mimi nasema, na wanaoogopa kusemwa waogope, kwamba saratani ilimwua, lakini tamaa ya kuishi ilikuwa imemtoka mapema zaidi.

Alipata tiba ya mionzi mara mbili, akalazwa tena Agosti mwaka huu, na akafariki tarehe 11 Oktoba 2023, saa kumi na moja alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inamshukuru daktari aliyemwambia ukweli na hakumkasirikia alipokataa kuusikiliza, wauguzi waliomwogesha na kumgeuza kwa huruma, majirani mliotuletea viti, maji na maturubai kabla hata hatujaomba, na wafanyakazi wenzake, wakiwemo waliomcheka, kwa kuwa wamebeba jeneza. Tunamshukuru pia yule fundi wa video, aliyefika msibani tangu siku ya kwanza akapanga viti bila kumtazama mtu usoni, tunamwambia ainue kichwa, alifanya alichotumwa. Kwa wakuu wa chuo, tuliwaomba mziondoe video hizo, mkatujibu kwa upole kwamba ratiba imekwisha kutoka na kwamba nafasi yake haitajazwa, kwa sababu mihadhara ipo tayari, nasi tumesikia, asanteni kwa shada la maua.

Kaka, keshokutwa Jumatatu saa mbili asubuhi watoto wa mwaka wa kwanza watakaa ukumbini, taa zitazimwa, watakusikia ukiuliza, na kabla yeyote hajapata nafasi ya kufikiri watakusikia ukijibu, watanakili, wataondoka, na wataambiana kwamba huyo ndiye Mwalimu Ngoja aliyekuwa akisifiwa. Nimekuwa nikijiuliza tangu Jumatano mtu anapumzikaje huku sauti yake ikiongea bila kituo kwa watu asiowasikia. Lala kwa amani, kaka yangu, wewe tunakujua. Huyo wa Jumatatu hatumjui.